Bunduki Iliyosuguliwa kwa Ajili ya Mgeni

Mzee Desmond alikuwa amebakiza siku chache nyumbani kwake mtaa wa Penrith, ughaibuni, kabla ya kuhamia makao ya wazee, na huko bunduki hairuhusiwi, iwe nzima au mbovu. Ama ipate mkusanyaji wa vitu vya kale mwenye leseni, ama iende polisi ikasagwe. Ilikuwa ya babake: bunduki ya marisau ya zamani, ya zile zinazojipakia zenyewe, yenye nundu mgongoni. Pini ya kufyatulia ilishatolewa kisheria, kwa hiyo haikuweza kumdhuru hata panya. Lakini mzee alitaka iishi baada yake, na hilo tu ndilo lililomkosesha usingizi.

Wanjugu, mhudumu wake, mzaliwa wa Nyeri, alishalisikia somo hilo mara nyingi akimkata kucha. Thamani ya kitu cha kale ni uasili wake, mzee alisema: mtutu usiwe umekatwa, kitako kiwe kile kile cha kiwandani, namba za vyuma zilingane. Aliongeza na mengine, lakini Wanjugu alikuwa ameshawasha mashine ya kufyonza vumbi.

Mnunuzi alikuja Oktoba ya 2021, vizuizi vya corona vilipolegezwa. Tangu Juni hakuna mgeni aliyekanyaga nyumba ile, na kwao Wanjugu mgeni hapokewi na uchafu. Alfajiri alipiga deki, akapangusa madirisha, akatayarisha chai ya maziwa. Mzee aliitoa bunduki kwenye sefu, akailaza juu ya gazeti mezani, kisha usingizi ukamwiba kitini.

Wanjugu akaitazama. Weusi wake umebabuka, madoa ya kahawia yametapakaa, kama sufuria ya shule ya bweni. Akaona aibu kwa niaba ya mzee. Alichukua waya wa kusugulia sufuria, akatia sabuni, akasugua kwa mikono ambayo mamake aliisifu kwa kung'arisha sufuria. Chuma kikatoka cheupe, kikang'aa.

Bwana Gavin, mnunuzi, aliinama juu ya meza na barakoa yake. Hakuigusa.

"Nani kaifanyia hivi?"

Mzee aliamka kitini, akaitazama bunduki.

"Ile rangi ya kiwandani ndiyo tunayoitafuta, hata ibaki robo. Ule uchakavu ndio umri wake. Ukishaisugua, hairudi tena, na kuipaka upya ni kuiua mara ya pili. Samahani, Des. Simjui mtu atakayeichukua."

Wanjugu alifungua kinywa, lakini mzee alimtangulia.

"Mimi nimeisugua. Mikono ilikuwa inaniwasha."

Bwana Gavin aliitazama mikono hiyo, isiyoweza kushika kikombe bila kumwaga, kisha akaitazama ya Wanjugu. Aliondoka hata chai hakuonja.

Wanjugu alitoka uani kumpigia Jepchumba, rafiki yake aliyekuwa nesi mtaa wa Auburn.

"Ati na steelwire? Wanju, uko serious? Hiyo ni bunduki ama sufuria ya githeri?" Jepchumba alicheka, kisha akasikia mwenzake akilia. "Pole, my dear. Rudi ndani umwambie sorry. Usingoje kesho."

Alirudi. "Mzee, nisamehe. Sikutaka mgeni akudharau."

"Nimekasirika," mzee alisema. "Nimekasirika sana, Wanjugu."

Jioni hiyo mzee alikula kidogo, akajifunika mwenyewe blanketi ambalo kila siku alifunikwa. Wanjugu alienda kwake akijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba aliyeyamwaga ni yeye.

Asubuhi ya polisi kuja kuichukua bunduki, alimkuta mzee ameketi mezani, bunduki mbele yake juu ya gazeti. Alisimama mlangoni, akaogopa kusogea. Mzee aliigeuza taratibu. Chini ya tumbo la bunduki, karibu na kifyatulio, palibaki kipande cheusi chenye madoa, mahali ambapo waya haukufika.

"Hapa ulipasahau," alisema.

Wanjugu alisogea mezani.

"Basi lete waya wako," mzee akasema, akamvutia kiti. "Wageni wanakuja."