Uzito wa Kiti cha Nyuma

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba wamezidisha. Nilikuwa karani wa mizani kwenye barabara kuu, ndani ya kibanda chenye dirisha dogo na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Lori linapanda kwenye bamba la chuma, namba zinacheza kwenye kioo, zikitulia namwangalia dereva usoni kabla sijamwambia kitu. Dereva aliyezidisha hajifichi. Anakuwa mchangamfu mno, anakuulizia hali ya watoto ambao hajawahi kuwaona. Jibu langu lilikuwa moja kwa wote: watoto hawajambo, shusha mzigo uliozidi, kisha uendelee na safari. Nimetukanwa mimi, nyie acheni tu.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwenye simu kwamba pikipiki yangu imeuzidi umri wangu, niliona nimeingiliwa kazini.

"Baba, una miaka sitini na nane."

"Ninayo yote hapa. Hakuna hata mmoja uliopotea."

"Sijasema uache kuendesha. Tafuta nyepesi. Ziko nzuri tu."

"Na kiti cha nyuma?"

"Baba, kiti cha nyuma anakaa nani siku hizi?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na kosa lolote.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya safari ndefu. Kilo mia tatu na arobaini kabla mtu hajaipanda, kioo cha kukinga upepo mbele, sanduku kila ubavu na la tatu nyuma. Kiti cha abiria kiliinuka kidogo, kikiwa na egemeo lililoshonwa na fundi wa makochi kwa ajili ya mgongo wa mke wangu. Na mke wangu ndiye aliyeipa jina la Mama Mkwe. Alisema hajawahi kuniona nikikipa kitu kingine heshima ile: naizunguka kwanza, naipangusa, nazungumza nayo kwa sauti ya chini, na ikininyima kuwaka ninayeomba radhi ni mimi. Mama yake mzazi alipopata habari za jina hilo aliuliza tu kama inakula sana.

Mwaka wetu wa kwanza wa safari nilimsahau mke wangu kwenye kituo cha mafuta. Alishuka kwenda msalani, mimi nikajaza tangi, nikafunga kofia, nikaondoka. Nilikwenda kilomita kumi na moja nikimsimulia habari za dereva mmoja aliyeficha saruji chini ya majani ya ng'ombe. Hakunipinga hata mara moja. Hapo ndipo ningepaswa kujua kuna kitu hakiko sawa. Kilichonishtua hatimaye ni kona moja ya kushoto. Mkia wa pikipiki ulikuwa mwepesi, ukafuata haraka kuliko kawaida. Nikageuza shingo, kiti kitupu. Nilipogeuza na kurudi nilimkuta amekaa juu ya kreti, soda mkononi, ametulia kama aliyefika mapema kwenye miadi.

"Haya," akasema, "huko njiani nimekujibu nini?"

Tangu siku hiyo tukawa na sheria. Akishakaa vizuri ananigonga bega la kulia mara mbili. Bila kugongwa, sitii gia. Tuliishi na sheria hiyo miaka ishirini na sita, na wala hatukuwahi kuikumbushana.

Sasa ni mwaka wa pili tangu afariki. Maradhi yalimla taratibu. Hospitali walimpima uzito kila wiki, nami nilisimama pembeni nikisoma namba, kazi niliyoijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Alianza na kilo sitini. Mara ya mwisho kioo kilisoma arobaini na moja.

Baada ya mazishi niliikalia Mama Mkwe peke yangu. Nikawasha, nikangoja bega langu ligongwe, nikakumbuka, nikaondoka. Kona ya kwanza tu mkia ukawa mwepesi, na mwili ukaniambia: umemwacha mtu. Nilisimama mara tatu kuangalia nyuma, na kila mara nilikuta barabara tu. Niliporudi nyumbani nikajitafutia dawa yangu, sikumwambia mtu.

Dawa hiyo ndiyo iliyoniangusha. Asubuhi moja natoka kituo cha mafuta, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, nikageuza usukani kuingia barabarani. Mguu wa kushoto ukakanyaga dizeli iliyomwagika. Mama Mkwe akaanza kuinama. Nilimshika kwa nguvu zote nilizokuwa nazo nikiwa na miaka arobaini, kumbe nilizisahau huko huko. Akalala ubavu polepole, bila kelele, mguu wangu chini yake.

Walikuja wanaume watatu kumwinua, na bado wakapumzika katikati.

"Babu," mlinzi wa kituo akaniuliza akihema, "humu umehama na nyumba?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana ingekuwa mtu mwingine ningesema mabaya zaidi. Kisha binti wa pampu akaniletea kiti cha plastiki na maji ya kunywa, akanishika kiwiko nikae. Mguu uliuma wiki mbili ukapona. Kile kiti bado kinaniuma.

Pikipiki ilibebwa na gari hadi kwa fundi wangu. Ninamwita Profesa kwa sababu hatashika spana kabla hajatoa mhadhara. Nilipofika siku ya tatu, nikichechemea, hakuwa na mhadhara. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, na mbele yake, sakafuni, kulikuwa na mifuko mitatu ya turubai iliyofungwa kamba.

"Mzee, kaa."

"Nimesimama vizuri."

"Kishikio cha sanduku la kushoto kimepinda, ikabidi nilifungue. Nikaona nifungue na mengine." Akagusa mfuko mmoja kwa kidole cha mguu. "Huu ni nini?"

"Mchanga."

"Naona ni mchanga. Nilidhani labda umeingia kwenye ujenzi."

"Ni wa kutuliza mkia."

"Umekaa humu muda gani?"

"Tangu mwaka juzi."

"Kilo ngapi?"

Nilitaka kumdanganya, lakini kudanganya uzito ni kitu ambacho ulimi wangu hauwezi, hata nikiulazimisha. "Sitini. Ishirini kila mfuko."

Profesa alimjua mke wangu. Alikuwa akimwita shemeji, na shemeji alikuwa akimwambia kwamba kwa maneno yale angekuwa tajiri kama kila neno lingekaza nati moja. Aliangalia mifuko, akaniangalia mimi, hakuuliza tena. Lakini mtu akinyamaza namna ile, mimi ndiye ninayebwabwaja.

Nikamweleza. Zamani, kabla hatujaoana, mke wangu alinitembelea kazini na nikampandisha kwenye mizani ya malori kwa utani. Mizani ile haijui mambo madogo, inasoma kwa ishirini ishirini. Ikasoma sitini. Akasema yeye ni hamsini na sita, na kwamba mizani yangu inamwonea. Ugomvi huo ulidumu ndoa nzima. Akiongeza sahani ya pili: "Usiniangalie, mizani yako yenyewe mbovu." Kwa hiyo nilipotafuta dawa ya mkia, sikuwa na haja ya kufikiri. Nilichekecha mchanga, nikaukausha juani, nikaupima kwa mizani ya bafuni. Sitini kamili. Wala sikutaka arobaini na moja.

Profesa akajikuna shingo, akaacha alama ya grisi.

"Lori likija kwako na mzigo ambao hauko kwenye karatasi, ulikuwa unafanyaje?"

"Nalishusha."

"Hata dereva akilia?"

"Madereva wote hulia."

"Basi. Mimi sina mizani hapa, sikushushi. Nakuuliza tu." Akasimama. "Hebu mnyanyue kwenye stendi. Masanduku matupu hayo, mchanga haumo."

Mama Mkwe alikuwa ameegemea stendi yake ya ubavu, kama alivyozoea. Nikashika usukani, nikaweka nyonga kwenye kiti, nikasukuma. Akainuka nusu, akarudi. Nikajaribu tena, akainuka nusu ile ile, akarudi. Mara ya tatu nikajisikia ninamwomba radhi kwa sauti ya chini. Profesa alikuwa amegeuka, anakagua dari ya gereji kwa makini sana. Dari yenyewe bati tupu.

"Ile ya pale pembeni ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mwalimu mmoja aliyehamishwa. Kilo mia na thelathini."

"Inafanana na mbuzi."

"Mbuzi hanyanyuliwi na watu watatu."

Kiti chake kilikuwa kifupi, cha mtu mmoja na mkate wake. Profesa alisema tunaweza kubadilishana, na kwamba kuna mume na mke wanaotafuta pikipiki ya safari kama yangu. Nikauliza kama huyo mke ana mgongo mbaya. Akasema hajui, hajamkagua. Nikamwambia awaeleze kwamba egemeo linalegezwa, kuna kamba kwa nyuma, upande wa kulia. Akasema atawaeleza. Nikamrudia tena habari ya kamba, na akaitika tena kama ndiyo kwanza anaisikia.

"Na huu mchanga?"

Alikuwa na pipa lililokatwa nusu, la mchanga wa kumwaga juu ya oili inayovuja sakafuni. Pipa lilikuwa karibu tupu. Akaliangalia. Nikafungua kamba mwenyewe. Mifuko miwili nilimimina bila kusita. Wa tatu nilikaa nao kidogo mapajani, kisha nikaumimina nao. Ulikuwa mchanga safi, haukuwa na hata kijiwe.

Nikaiwasha ile mbuzi. Ilinguruma kama cherehani ya mtu mwenye haraka. Nikafunga kofia, nikashika klachi, nikatulia.

"Unangoja nini?" Profesa akauliza kutoka mlangoni.

"Nangoja ipate moto."

"Hii haingojewi."

Nikatia gia, nikaondoka. Iliruka kama imechomwa sindano. Kona ya kwanza niliinama kwa uzito wa watu wawili na Mama Mkwe juu yao, nikakosa mtaro kwa upana wa kiganja. Nilicheka mwenyewe ndani ya kofia, na kicheko kikanirudia masikioni. Baadaye kidogo, kwenye barabara iliyonyooka, mwili ukaniambia yale yale: umemwacha mtu. Nikasimama kando, nikageuza shingo. Mbali kule Profesa alikuwa barabarani akipunga kitambaa, anadhani imeniharibikia. Nikampungia kwamba mambo ni sawa. Ni kweli, nilikuwa nimemwacha mtu. Nikarudisha shingo mbele na kuendelea, na mkia ukafuata kwa wepesi wake, kila kona, hadi nyumbani.

Saa kumi na moja jioni nikafika mlangoni kwangu na nikagundua kitu. Usukani wa Mama Mkwe haukuwahi kuingia kwenye mlango wowote wa nyumba. Huu uliingia. Nikavuka kizingiti nikiisukuma kwa mkono mmoja, nikaisimamisha sebuleni, kati ya meza na kochi lake.

Mke wangu hakutaka chochote chenye oili ndani ya nyumba ile. Siku moja alikuta kabureta juu ya meza ya chakula. Akaiwekea sahani na kijiko, akaipakulia, na mimi akaninyima. Nilikula kwa kabureta siku hiyo.

Nikakaa kwenye kiti changu. Injini ilikuwa inapoa, inalia tik, tik, halafu inanyamaza, halafu tik. Simu ikaita.

"Baba, Profesa ameniambia umechukua nyingine?" binti yangu akauliza.

"Nimeichukua. Nyepesi kweli. Naogopa upepo."

"Umeiweka wapi?"

"Sebuleni."

Akacheka sana, kicheko cha mama yake kile cha kuanzia puani. "Sebuleni? Mama angekufukuza, wewe na hiyo pikipiki yako."

"Ndiyo namngoja."

Kicheko kikakatika. Safari hii yeye ndiye aliyesema mtandao unasumbua, na nikamkubalia.

Jua lilitoka kwenye kochi, likapanda ukutani. Harufu ya petroli ilijaa hadi jikoni. Nilijaribu hata kukohoa, kama mtu anayekiri kosa kabla hajaulizwa. Hakuna aliyeniambia niitoe.

Nikaitoa mwenyewe. Kisha nikarudi na dekio na ndoo, nikafuta alama za tairi kutoka kwenye kochi hadi mlangoni, na nikapita mara ya pili, maana mara ya kwanza asingeikubali.