Breki Mpya za Gari la Coral

Coral Tancred alinipigia simu Ijumaa saa nne asubuhi akiwa njiani kwenye Mlima Brown. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayeagiza mkate.

"Vinko, breki zimeniishia. Njoo na gari la kuvuta. Lyall hajambo."

Niliwakuta chini ya kona ya tano. Lile gari lao kubwa lilikuwa limeegemea ukuta wa mlima, ubavu mzima umechubuka, na magurudumu ya mbele yakifuka moshi. Harufu ya pedi zilizoungua niliisikia kabla sijafungua mlango. Coral alikuwa ameketi kwenye bampa ya nyuma akipiga miayo. Mumewe Lyall alikuwa bado ndani, mkanda umefungwa, akitazama mbele tu.

"Pedali ilizama mpaka chini," Coral alisema. "Nikashuka gia mpaka ya kwanza, nikavuta hendibreki, nikaliegemeza ukutani. Basi. Sasa tunachelewa."

"Mnachelewa nini, shemeji? Mmenusurika kufa!"

"Mashine yake inaanza saa sita."

Nilimwita shemeji kwa sababu mimi na Lyall tulikua pamoja. Baba yangu alitoka Ulaya kuja kujenga mabwawa ya milimani, wa Lyall alikuwa mkata manyoya ya kondoo, na sote tulisoma shule moja hapa Nimmitabel, mji wetu mdogo juu ya mlima. Mimi nikawa fundi. Lyall akaendesha greda la halmashauri miaka thelathini na mmoja. Kila kona ya mlima ule amewahi kuisawazisha kwa mkono wake.

Figo zake zilikufa mwaka uleule aliostaafu. Tangu hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Coral alikuwa anamshusha mpaka hospitali ya bondeni, anamsubiri kwa muda wa saa tano akisafishwa damu kwa mashine, kisha anampandisha tena. Miaka miwili na nusu. Katika muda huo nilimwona Coral akisinzia kanisani, akisinzia kwenye foleni ya posta, na mara moja akisinzia akiwa amesimama, mkono umeshika mlango wa friji ya duka.

Ijumaa ile niliwasimamishia gari lililowashusha hospitali, kisha nikalivuta lao mpaka gereji, nikalipandisha jeki. Diski za mbele zilikuwa zimegeuka bluu kwa joto. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Mafuta hayo yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu, ndiyo maana pedali ilizama.

Jumamosi Coral alikuja kusikia maneno yangu.

"Kosa ni uzito," nilimwambia. "Kampuni ilikuuzia gari, wewe unaendesha nyumba. Ngao ya chuma mbele, tanki la pili, karia juu, droo za chuma nyuma, na sasa winchi ya kupandishia kiti cha magurudumu. Breki zake hazikutengenezwa kwa mzigo huu, tena mlima mara tatu kwa wiki."

"Basi weka kubwa zaidi."

"Nitaweka. Diski pana, kalipa za kuzibana zenye pistoni sita, paipu za chuma kilichosukwa. Lakini na wewe nisaidie. Niruhusu nizitoe zile droo. Droo peke yake ni kilo mia na kitu."

"Usiziguse."

Nilijua kwa nini. Lyall alizitengeneza mwenyewe, jiko upande huu, vyombo upande ule, kwa safari ya kuizunguka nchi nzima ambayo wangeianza wiki moja baada ya kustaafu. Ndani mlikuwa bado mna sufuria zenye karatasi za dukani.

Niliagiza vifaa Sydney. Jumatatu jirani yao aliwashusha kwa gari lake, lakini Jumatano hakuwa na nafasi, kwa hiyo nilimwahidi Coral kwamba vifaa vikifika Jumanne mapema, gari litakuwa tayari Jumatano asubuhi.

Vikafika Jumanne saa tatu, maboksi mawili mazito. Hata sijayafungua, nikamwona Lyall anakuja kwa miguu akiegemea fimbo. Kutoka kwao mpaka kwangu ni hatua mia nne. Alipumzika mara tatu. Nilimpa kiti akakaa muda mrefu akitafuta pumzi.

"Ndiyo hayo?" akauliza, akiyaelekezea fimbo.

"Ndiyo hayo."

"Sema hayajafika."

Nilidhani anatania, maana mzee huyo utani ndio ulikuwa mboga yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie wiki ijayo. Halafu mwambie wametuma yasiyolingana. Nimeuliza, Vinko. Bila mashine ni wiki moja, mbili zikizidi. Unalala tu, unazidi kulala."

"Lyall, unanifanya mimi niwe muuaji wako."

"Nakuomba uwe fundi mvivu. Mji mzima unajua unaweza."

Nikamwambia aende akamwambie mkewe, si mimi.

"Nimwambie nini? Kwamba hiyo milima yote aliyopanda na kushuka ilikuwa bure?" Alijipangusa midomo kwa kitambaa, alikuwa na ruhusa ya vikombe vinne tu vya maji kwa siku, na midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mimi nimechoka, ndugu yangu. Kulala hakuniondolei. Ijumaa ile pedali ilipozama, unajua nilihisi nini? Nilishusha pumzi. Nikasema, haya, ndiyo hii. Halafu nikaona mikono ya Coral kwenye usukani, na naona haya mpaka leo."

Ningesema hapana, ingekuwa hapana. Nilinyamaza, akauchukua ukimya wangu akaondoka nao. Alipopinda kona nikayasukuma maboksi chini ya benchi nikayafunika turubai. Coral alipopiga simu adhuhuri nikamwambia, "Bado, shemeji."

"Sydney wamelala?"

"Wamelala."

Jumatano hawakushuka. Coral alihangaika kutafuta gari mpaka saa saba, na muda wa mashine ukapita. Mimi siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Nilifagia gereji mara mbili.

Alhamisi wakaja wote wawili. Jirani aliwashusha mlangoni, akaenda zake. Coral alibeba mfuko wa pai za nyama. Lyall alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, jambo ambalo hakulipenda mbele ya watu. Uso wake ulikuwa umevimba. Vifundo vya miguu vilimwagikia juu ya viatu kama unga uliozidi bakuli. Pumzi ilikuwa ikikoroma.

Coral aliweka pai kwenye benchi, polepole.

"Nimekutana na dereva wa vifurushi kwa muoka mikate," alisema. "Ananiambia pole na safari, mama, lakini vifaa vyenu niliviacha kwa Vinko Jumanne."

Nikalitoa turubai.

"Ni mimi," Lyall akasema. "Vinko usimguse. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Umemwomba nini?"

Coral alimtazama Lyall, akanitazama mimi, na nikaona jambo likimfikia, hatua kwa hatua. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya tairi kuukuu lililolazwa chini, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Kwa hiyo mlikaa hapa," alisema, "wazee wawili wenye akili zenu, mkapanga mimi nikae nyumbani nikingoja boksi huku huyu anakufa sebuleni. Halafu nizike, nimshukuru Vinko kwa kujitahidi."

"Coral…"

"Nyamaza! Miguu yako imekuwa magogo. Unadhani mimi sijachoka? Napika viazi nikivichemsha mara mbili visikudhuru, kila siku ya Mungu. Nimesahau hata sauti yangu nikiimba. Lakini niliamka kila asubuhi nikijua tuko wawili kwenye hili. Kumbe niko peke yangu, na wewe umepata mwenzako wa gereji."

"Nilitaka nikupumzishe."

"Hukutaka kunipumzisha. Ulitaka usinitazame usoni. Ungesema, 'Coral, sishuki tena.' Maneno matatu tu, mzee!"

Nilitamani kutoka nje, lakini wao ndio walikuwa mlangoni. Lyall aliishika mikono yote miwili ya kiti chake, akajivuta akakaa wima.

"Coral," akasema, "sishuki tena."

Aliyatoa moja moja. Coral akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipoviondoa macho yalikuwa makavu.

"Bridie anakuja Septemba," alisema. Bridie ni binti yao, anaishi Perth, na mwaka ule alikuwa amejifungua. "Hujamwona mjukuu wako. Utashuka mpaka Bridie aje. Baada ya hapo sitakuuliza tena, na sitamruhusu mtu akuulize."

Lyall akahesabu kwa vidole. "Wiki tisa."

"Wiki tisa."

"Safari ishirini na saba," alisema, na nilisikia uchovu wake wote katika namba ile. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Coral alisimama akanigeukia. Nilijua zamu yangu imefika.

"Wewe nitakusamehe siku nikiwa na nguvu," alisema. "Leo sina. Funga hizo breki. Na zile droo zitoe."

Alipiga simu hospitali, wakampa nafasi ya Ijumaa asubuhi, tena wakamfokea. Mimi nikavua koti. Nilifungua diski zilizoungua, nikaweka mpya zilizokuwa pana kama sinia, nikafunga kalipa, nikabadili paipu, nikatoa mafuta yote machafu na hewa yake. Lyall alikataa kurudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake akinikanyagia pedali kwa ncha ya fimbo kila niliposema "kanyaga", na kila niliposema "achia" alikuwa ameshasinzia, nikamwamsha. Jua lilipozama tulikuwa tumemaliza. Droo zilitoka mwisho. Zilipowekwa sakafuni, nyuma ya gari ilipanda vidole viwili.

Breki mpya haziendi mlimani moja kwa moja. Lazima zifundishwe kwanza. Kwa hiyo Ijumaa alfajiri nilienda nao. Kwenye tambarare, barafu ikiwa bado nyeupe majanini, nilimwelekeza Coral: kimbia mpaka sitini, punguza mpaka kumi bila kusimama kabisa, kimbia tena. Mara kumi. Kangaruu walisimama kando wakitushangaa.

"Wanadhani tumelewa," Lyall alisema.

"Afadhali tungelewa," Coral akajibu. Ndilo neno la kwanza alilomwambia asubuhi ile.

Kisha tukashuka. Coral alikaza usukani kwenye kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ilisimama juu, ngumu, na gari zito likatii kama punda aliyeshiba. Tulipopita pale gari lilipochubuka ubavu, Lyall alisema, "Kona hii niliikata vibaya mwaka wa themanini na tisa. Msimamizi alikataa kunipa siku ya pili." Mkono wa kushoto wa Coral ulitoka kwenye gia ukakaa juu ya goti la Lyall, muda mfupi, mpaka kona iliyofuata ilipouhitaji.

Walizimaliza safari ishirini na saba. Lyall hakukosa hata moja, na hakuwahi kuniambia kama zilikuwa nzuri au mbaya. Bridie alikuja na mtoto wa kiume mwenye masikio ya Lyall. Jumatatu iliyofuata Lyall alikaa sebuleni kwake, na hakuna aliyemuuliza. Alikunywa maji kadiri alivyotaka. Alikunywa bia mbili na mimi. Siku ya kumi na moja alikufa adhuhuri, mtoto akilia chumba cha pili.

Wiki mbili baada ya maziko Coral alipita gereji. Nilimchemshia chai. Aliniambia Bridie alipoondoka yeye alilala siku mbili nzima, akiamka tu kwenda msalani. Hakuota kitu.

"Nililala vizuri, Vinko," alisema, akiangalia kikombe. "Vizuri mno. Na niliona haya."

Nikamwongezea maziwa, na akanywa.