Maji ya Nyuma ya Ukuta

Mimi Gershom Tsofa nimeendesha magari ya kampuni kwa miaka thelathini na moja, na sikumfikisha bosi mahali hata siku moja gari likiwa na alama. Nasema haya mapema, usije ukadhani yaliyonipata asubuhi ya harusi ya binti yangu yalinipata kwa kutojua kazi. Kazi naijua. Hapa Mishomoroni mtu akitaka gari lake jeusi ling'ae bila michirizi huja kuniuliza, nami humweleza nikiwa nimeshika kiuno, kwa sababu kuulizwa ni raha.

Unaanza na magurudumu, na yawe na kitambaa chao wenyewe. Halafu unapanda kwenye paa na kushuka taratibu. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuzia kitambaa, la sivyo mchanga unaurudisha kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Kazi yote ifanyike kivulini. Na mwisho, hapo wengi wanapoharibu, suza kwa maji matamu. Maji ya visima vya huku Kisauni yana chumvi, na yakikauka kwenye rangi nyeusi gari linafanana na godoro la mtoto mkojozi.

Basi gari langu jeusi ndilo lililokuwa limpeleke Karo kanisani. Karo, jina lake kamili Caroline, ni mwanangu wa pekee. Wiki mbili kabla ya harusi alikuja kukaa karibu nami barazani, nami nikajua kuna neno.

"Baba, gari najua litang'aa," akasema. "Nina ombi moja tu. Nataka Bi Mwanatabu akae nami kiti cha nyuma."

Nikasema hapana. Sikuchukua hata muda wa kufikiri.

Bi Mwanatabu ni jirani yangu, tunagawana ukuta mmoja. Mke wangu Kanze alipofariki, Karo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na yale mambo ambayo msichana humuuliza mamake, alikwenda kuyauliza nyumba ya pili. Bi Mwanatabu akawa somo wake. Alimfunda mambo ya mwili na ya nyumba, na kwetu pwani, awe Mwislamu au Mkristo, bibi harusi mwenye somo hamwachi nyumbani siku ile. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini mwaka jana mama huyo aliweka AC chumbani kwake, na fundi akalipitisha bomba lake la maji juu ya ukuta, likawa linadondoka upande wangu, juu ya paa la gari. Tone, tone, mchana na usiku. Nikaenda kwa Absalom, mzee wa mtaa, nikasema mbele ya watu kwamba jirani ananimwagia maji machafu. Neno hilo, machafu, nililirudia mara tatu. Bi Mwanatabu hakubishana. Kesho yake bomba liligeuzwa likatazama uani kwake, na tangu hapo hatukuamkiana.

"Basi kiti kile kitakaa kitupu," Karo akasema, akainuka. Na alimaanisha. Shangazi zake wote aliwaambia: pembeni yake hakai mtu.

Jumamosi ikafika. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu siku ya nne, lakini mimi si mtu wa kushtukizwa. Nilikuwa nimeweka mitungi miwili ya maji matamu nyuma ya jiko kwa ajili ya suza ya mwisho. Pale kivulini ninapoegesha gari walikuwa wamesimamisha hema la wageni, kwa hiyo nikalitoa gari nje, nikaanza saa kumi na mbili na nusu ili nilimalize kabla jua halijapata nguvu. Ibada ilikuwa saa nne.

Nikaosha kwa maji ya kisima, maana katika kuosha hayana neno. Saa moja na robo nikaenda kuchukua mitungi yangu. Niliinua wa kwanza, ukaja juu kama karatasi. Wa pili vilevile.

"Sidi!" nikaita.

Dada yangu Sidi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amewasili jioni ya jana kutoka Kaloleni na wanawake kumi na mmoja.

"Abee, kaka."

"Maji yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Si tumepikia chai? Na mchele tumeshaukosha. Kwani yalikuwa ya nini?"

"Ya gari!"

Alinitazama, akautazama mwiko, akanitazama tena. "Kaka, gari linakunywa chai?" Na jikoni kote wakaangua kicheko.

Nikampigia Ronny, anayetuuzia maji kwa mkokoteni. Akasema foleni ni ndefu, hawezi kufika kabla ya saa nne. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mgeni asingelifanya, kwa sababu mgeni angeogopa. Mimi sikuogopa. Nikajiambia, Gershom, mkono wako una kasi kuliko chumvi. Suza kwa maji ya kisima, kausha upesi, nani atajua?

Jua lilijua. Nilipokuwa nakausha paa, boneti ilikauka yenyewe. Nilipoikimbilia boneti, milango ikakauka. Nilizunguka lile gari na taulo nikitweta kama kuku aliyekimbizwa, na kila nilipogeuka nilikuta mistari myeupe mipya imejichora. Nikajaribu kuifuta kwa taulo lililokuwa na majimaji yaleyale, ikazidi.

Sidi akatoka tena. "Kaka, umelipaka chokaa?"

Niliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, na nakiri nilijifunika uso kwa taulo. Mtu mzima mwenye miaka sitini na mbili, mbele ya gari. Nilikuwa nimewaambia wote, hata wakwe wa Changamwe, kwamba mwanangu atashuka kwenye gari linalong'aa kama kioo.

Karo alitoka nyuma ya nyumba amejifunga leso, nywele zimekwisha kutengenezwa. Alilizunguka gari lote. Nilingojea alie au anifokee.

"Bi Mwanatabu ana maji," akasema.

"Kisima chake na changu ni chumvi moja."

"Si ya kisima. Yale ya AC. Tangu bomba ligeuzwe huyakinga kwenye mitungi, anayatia kwenye pasi yake ya mvuke. Anasema pasi haizibi tena."

Nilijua kwa nini haizibi. Maji yale hayana chumvi wala chokaa; ni unyevunyevu wa hewa tu, umepoa ukawa maji. Nilijua muda mrefu.

"Nenda ukamwombe," nikasema.

"Mimi sina ugomvi naye, baba," Karo akajibu. "Mwenye ugomvi ni wewe." Akarudi ndani kuvaa.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua ishirini. Siku ile zilikuwa nyingi zaidi. Nikasimama mlangoni, suruali imelowa hadi magotini.

"Hodi."

"Karibu," sauti ikaitika, halafu akaja akaniona, akasimama palepale. Bi Mwanatabu ni mama mfupi, mpole wa uso, na macho yake hayakupi nafasi ya kujificha.

"Subalkheri, Bi Mwanatabu."

"Subalkheri, Baba Karo. Leo njia imekupotea?"

"Nimekuja kuomba maji."

"Maji gani?"

"Yale ya AC."

"Yale machafu?" Hakucheka. "Si uliwaambia watu kwa Absalom ni machafu? Wallahi nilirudi nyumbani siku ile sijui niuweke wapi uso wangu. Mtu nimelea mwanawe."

Ningeweza kusema ni jua, ni dada zangu, ni mabomba ya mtaa. Maneno mimi hayanipungui. Lakini nyuma yake, juu ya mlango wa chumba, niliona gauni la sherehe limetundikwa, la rangi ya zambarau, limenyooshwa kwa pasi halina hata kunyanzi moja. Hakualikwa, na gauni lilikuwa tayari.

"Hayakuwa machafu," nikasema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Yalikuwa yakikauka juu ya paa hayaachi alama. Miaka thelathini na moja natazama maji yakikauka juu ya magari, ningekosaje kuona?"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa ulinishtakia nini kwa mzee wa mtaa?"

Hilo nilikuwa sijapata kumwambia mtu, hata mwenyewe sikujiambia sawasawa. "Ulipoweka AC, Karo akawa kila jioni yuko kwako. Anasema kwako kuna baridi. Nikawa napika, naweka sahani mbili mezani, chakula kinapoa, nami nawasikia mnacheka nyuma ya ukuta. Matone yale yalikuwa yananiambia kila usiku yuko wapi. Niliona wivu, Bi Mwanatabu. Ndiyo hayo tu."

Alijipangusa jicho kwa ncha ya mtandio, kwa hasira, kama aliyeingiwa na inzi.

"Mtu mzima wewe," akasema. "Si ungebisha mlango? Sahani ya tatu ningeikosa?"

Alikuwa na mitungi mitatu imejaa. Mimi nikabeba miwili, naye, hakutaka kusikia la mtu, akauburura wa tatu hadi kwenye gari. Saa mbili kasoro kumi. Nikamwomba Sidi siki, na safari hii alitoa bila mzaha. Kwanza tulilisukuma gari hadi kwenye kivuli cha nyumba, na wanawake wa Kaloleni wakasukuma nasi, tukalingoja lipoe, kwa maana bati la moto hukausha maji kabla hujalishika. Nikachanganya siki kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji ya AC, nikapitisha kwa kitambaa laini mlango mmoja mmoja, na kila mlango tukausuza kabla siki haijakauka. Mistari ile ikatoka kama haikuwahi kuwapo.

Mkono wangu ukanirudia. Nikachukua taulo kubwa kavu, nikalitandaza juu ya boneti na kulivuta kuja kwangu bila kusugua, nikalikunja, nikageuza upande mkavu, nikaendelea. La pili, kavu zaidi, la kumalizia. Nikafungua milango na buti nikapangusa maji yaliyojificha kwenye mipira ya kingo zake, maana hayo hungoja uondoke ndipo yachuruzike. Bi Mwanatabu alisimama kando akitazama kila kitu kama mkaguzi.

"Na hapo kwenye kioo cha pembeni?" akauliza. Tone moja lilikuwa linateremka mlangoni.

"Nililiona," nikasema.

"Hukuliona."

Sikuliona. Lakini hata lile lililopita bila kufutwa lilikauka bila kuacha kitu, naye akaninyooshea kidole pale palipokuwa pamepita, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Nenda ukavae lile gauni la zambarau. Kuna kiti kinakungoja, na mwenye harusi amekataza mtu mwingine kukikalia."

"Karo ndiye aliyenialika, au wewe?"

"Karo alikuombea kiti hicho wiki mbili zilizopita, nikakataa. Mimi nakualika sasa."

Saa tatu na nusu Karo alitoka na shela lake. Alimwona Bi Mwanatabu amesimama kando ya gari, na gauni lake la zambarau likionekana lote, kuanzia mtandio hadi viatu, kwenye mlango mweusi kama kwenye kioo. Alinitazama. Akaushika mkono wangu uliokuwa bado unanuka siki akauweka shavuni, poda yake yote ikaharibika upande ule. Sidi alipiga kelele za kukemea hadi akafika na poda nyingine.

Kanisani, mjomba wa bwana harusi Nicanor, mtu wa bara anayefanya kazi bandarini, alilizunguka gari mara mbili, akaniuliza ni wapi mjini nilikolipeleka likaoshwa. Nikashika kiuno. "Nyumbani," nikamwambia. Nilitaka kuishia hapo, na kwa desturi yangu ningeishia hapo. "Mimi na jirani yangu," nikaongeza.

Karo sasa anaishi Changamwe na mumewe. Jumatatu baada ya harusi nilimwita yule fundi, nikamwambia aligeuze bomba lirudi upande wangu. Akauliza kama mzee wa mtaa anajua. Nikamwambia afanye kazi aliyoitiwa.

Jioni naweka sahani moja mezani. Tone, tone, tone, kwenye ndoo yangu. Nikikaribia kuhesabu saa ngapi zimebaki nikalale, sauti hupanda nyuma ya ukuta.

"Baba Karo! Ndoo imejaa?"

"Bado kidogo, Bi Mwanatabu."

"Basi iache ijae. Lete sahani yako."