Kiti cha Oili

Alhamisi saa mbili asubuhi Nthiga aliegesha lori lake mbele ya duka la vipuri la Tabby mjini Embu, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kumkabidhi mwenye duka. Tabby hakuhangaika na alama za kijiti. Alipangusa tone kwa kidole, akalisugua kwa gumba, akanusa.

"Mzee, hii injini haili oili, inakunywa," alisema. "Ringi za pistoni zimeisha. Uko na njia mbili tu."

Akapanga vitu kwenye kaunta. Upande mmoja aliweka galoni ya oili nzito, namba arobaini, na chupa ya dawa ya kuzuia moshi, dawa inayomwagika polepole kama asali ya Mbeere. Ukivichanganya hivyo, injini kuukuu hutulia, moshi hukatika, na lori huongezewa mwaka au miwili. Upande wa pili aliweka oili nyepesi, ile ya magari madogo mapya. Hiyo ingepenya kwenye ringi zilizolika, moshi ungezidi, na injini ingekufa kabla msimu wa ndengu haujaisha.

"Na huyu?" Nthiga aliuliza, akionyesha kabini kwa kidevu.

Tabby alichungulia. Kwenye kiti cha abiria alikuwa Karimi, mke wa Nthiga, aliyefariki kwa nimonia Machi mwaka juzi. Alikuwa wa samawati kidogo, kitambaa cha kanisa kichwani, mikono mapajani. Injini ilikuwa imezimwa punde tu, kwa hiyo alikuwa hajatawanyika.

"Habari ya asubuhi, mama," Tabby alimsalimu, kisha akamgeukia Nthiga. "Dawa ikishika, moshi unaisha. Na yeye ni moshi. Siwezi kukudanganya, mzee wangu."

Karimi alianza kuja mwezi wa pili baada ya mazishi, akipanda na moshi kwenye tundu la gia sakafuni kila lori lilipokaza mlima. Safari ya kwanza Nthiga alimwomba radhi kwa vumbi la kiti. Askari wa barabarani pale Runyenjes alimwambia mama afunge mkanda. Mkanda ukapita katikati yake, askari akaridhika, akawaruhusu waende.

Akiwa hai hakuwahi kukalia kiti hicho. Kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa kiti cha jerikeni la oili. Nthiga alitaka kuliona muda wote, na alilifunga mkanda lisije likamwagika. Karimi alikuwa na mdogo wake, Mukami, aliyeolewa Meru na kuuza ndizi sokoni Gakoromone. Kila msimu aliomba kupelekwa akamwone, na kila msimu Nthiga alimjibu bila ubaya wowote, "Kiti ni cha oili, Mama Njiru. Wiki ijayo." Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Nthiga yalikuja yakiwa mke mzima.

Na alikuwa mpweke, hilo halifichiki. Njiru, mwanawe wa pekee, alipiga simu Krismasi tu. Siku nyingine Nthiga alisonga ugali wa mtu mmoja nyumbani kwake Gachoka, akaula akitazama mlango. Mazungumzo yake yote yalikuwa ya milimani, gia ya pili, moshi ukiwa mwingi.

"Nipe hiyo nyepesi," alisema.

"Itakufa, mzee. Utakula nini?"

"Najua itakufa."

Alipomaliza kuijaza injini aliiwasha, kisha oili iliyobaki akaimimina kwenye jerikeni, alilokuwa akiliweka sakafuni tangu Karimi aanze kuja. Akavuta kamba chini ya kiti, akapanda nyuma na kulifunga jerikeni juu ya magunia ya ndengu. Kazi ile ilimchukua dakika mbili. Karimi alikuwa amerudi injini ilipowashwa, akawa anamtazama kupitia kioo cha nyuma.

"Kumbe kamba ilikuwepo," Karimi alisema Nthiga alipoingia.

"Ilikuwepo."

Nthiga akaingiza gia, wakashika barabara ya Chuka kwenda Meru.

Walifika Gakoromone saa saba mchana. Nthiga hakuzima injini. Mukami alitoka kwenye ndizi zake akifuta mikono kwa leso, akasimama dirishani.

"Dada, umechelewa," alisema.

"Nilikosa kiti."

Mukami alimpa ndizi. Ikampitia Karimi mapajani, ikatua kwenye kiti. Alimtajia watoto wake mmoja mmoja, na Karimi akauliza nani kafanana na nani. Wapagazi walianza kushusha ndengu. Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka, na taa hiyo haina mjadala. Nthiga alizima injini, akafungua kamba, akaanza kumimina. Alipofunga boneti, Karimi alikuwa amekwisha kutawanyika juu ya vitunguu vya jirani, na Mukami amerudi kwa wateja.

Wapagazi walijaza kabichi za kurudi nazo mpaka juu ya mbao. Nthiga alilipa, akaliinua jerikeni, akaliweka mahali pake pa zamani, akavuta mkanda hadi ukalia, akaondoka.

Mlima wa kwanza baada ya Nkubu, moshi ulipanda kwenye tundu la gia kama kawaida. Karimi alisimama hapo, ameinama kwa sababu ya paa, akitazama kiti. Nthiga naye akatazama, na ndipo alipoona alichofanya.

"Si neno, Baba Njiru," Karimi alisema. "Wiki ijayo."

Akatoka kupitia dirisha. Nthiga alinyoosha mkono afungue mkanda, lakini mteremko ulikuwa umeanza na kabichi zilikuwa zinasukuma kwa nyuma, akaurudisha mkono kwenye usukani.