Gari la Kijivu

Kila asubuhi Eyotaru alipiga magoti barazani, akamnawisha mama mkwe wake mikono na kummiminia chai. Asubuhi ile birika lilikuwa bado hewani honi zilipolia langoni. Magari madogo mawili yakaingia uani. Jeusi liliendeshwa na mumewe, Acidri, na la kijivu na Dany, Mkongomani auzaye magari kule mpakani Vurra.

“Mama Juliet, chagua,” Acidri alimwambia mkewe, ingawa macho yake yalikuwa yameshachagua jeusi.

Gari lingekuwa la Eyotaru. Alikuwa amehamishiwa kikazi zahanati ya Dranya, huko Koboko, naye angelitumia kwenda huko kila wiki kutoka nyumbani Arua. Jeusi lilikuwa na paa lililoinamia nyuma na vioo vyembamba kama macho ya mtu anayesinzia. La kijivu lilikuwa la mraba, vioo vikubwa pande zote.

“Hii ya kijivu iko kama kabati,” Dany alicheka. “Ukifika nayo Koboko, mutu atauliza nguo iko wapi.”

“Mimi sishushwi kanisani na kabati,” alisema mama mkwe.

Eyotaru, ambaye alikuwa mfupi, alipanda jeusi na kuvuta kiti mbele hadi magoti yakakaribia usukani. Mbele aliona boneti na kipande cha anga. Alipogeuka, aliona nguzo nene na kioo kisichozidi bahasha. Lakini kwao, mke habishi mbele ya mama mkwe.

“Rudisha nyuma kidogo,” alisema Acidri. “Kamera iko.”

Kamera ilionyesha vumbi jekundu tu. Akarudi nyuma polepole, mara kikasikika kitu kinavunjika, kama mtu anatafuna mifupa. Gurudumu lilikuwa juu ya turubai la muhogo. Alikuwa ameuanika mwenyewe alfajiri. Alijua ulipo, na bado hakuuona.

Mama mkwe alisogea kuangalia. “Linapenda muhogo kama wewe, Acidri.”

“Atazoea tu,” Acidri alimwambia Dany.

Eyotaru alizima injini, akashuka. Safari hii hakupiga magoti.

“Mama, unisamehe. Baba Juliet, hili silitaki. Pale Dranya kina mama wanakaa chini na watoto wao, hapohapo nitakapogeuzia gari. Nataka kuwaona. Nichukulie la kijivu.”