Homa Imemwachia

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu mimi nusura uponze cha mtoto wa watu.

Asubuhi hiyo nilikuwa hoi. Wagonjwa wa homa ya dengi walijaa zahanati yetu ya Chaani mpaka kwenye mabenchi ya nje, na muuguzi mwenzangu, Maryanne, naye alilala kwao kwa dengi hiyo hiyo. Nikamtoa damu Faith, mtoto wa Kanze, mwenye miaka saba, kisha nikampima joto. Siku nne mwili ulichemka. Leo ulikuwa wa kawaida.

"Homa imemwachia," nikasema, nikamgeukia mwingine.

Mimi mtu wa bara, neno hilo nilifunzwa na Wapwani wenyewe. Kwangu lilimaanisha joto limeshuka. Kwa Kanze lilimaanisha mtoto amepona. Akamshukuru Mungu, akambeba mwanawe kwa leso, akaenda zake bila kuaga.

Saa saba yakaja majibu ya maabara: damu ya Faith ilikuwa imekuwa nzito, dalili ya hatari. Nikajitukana kwa lugha ya mama. Nikatoka na jua lile, miguu imevimba, nikiuliza mlango kwa mlango.

Nilimkuta Faith mkekani, anaugulia tumbo. Miguu yake ilikuwa baridi, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Kanze alikuwa anakoroga uji, anaimba wimbo wa kanisani.

"Mama Faith, turudi naye. Sasa hivi."

"Ati? Si wewe mwenyewe, sista, uliyenambia homa imemwachia?"

"Homa imeachia. Na mishipa nayo inaachia. Nilikosea kutokwambia."

Njiani, mtoto akiwa mgongoni mwa mamake, nikaeleza huku nahema. Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa seli, na kila seli ina protini inayokamata ya jirani yake, kama watu walioshikana mikono. Chuoni nilikariri jina lake, kaderini, nikapita mtihani, nikalisahau. Dengi huilegeza mikono hiyo, na ubaya wake huonekana homa inaposhuka. Maji ya damu huvujia tumboni, na damu inayobaki haina nguvu ya kufika miguuni wala kwenye figo zinazotoa mkojo.

Kanze akaongeza mwendo. "Itashikana tena?"

"Huwa inashikana, baada ya siku moja au mbili. Kazi yetu ni kumfikisha huko."

Tukamtundikia dripu. Sikwenda nyumbani. Kila saa nilimgusa nyayo, na kila saa niliogopa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, miguu ilikuwa na joto. Faith akafumbua macho, akasema kwa hasira, "Nataka kukojoa."

Nikamshikia kopo. Likajaa. Nikaketi sakafuni na kopo langu mkononi, nikalia kama mjinga.

Kanze alinitazama, anaogopa hata kuuliza.

"Sista, sema. Imemwachia?"

"Mikono imeshikana," nikamwambia. "Imeshika, Mama Faith."