Koti la Mwalimu Tarcis

Mtani hakatazwi. Mwalimu Tarcis aliijua sheria hiyo tangu alipohamia Bagamoyo kutoka Tabora. Yeye Mnyamwezi, Bwanausi fundi cherehani Mzaramo. Matusi yao yalikuwa ndiyo salamu. Adhuhuri ile alipeleka koti lake lishonwe kwapa, kisingizio tu.

"Bwanausi, ule ugonjwa wangu wa akili umerudi. Wiki ya tatu hii nafikiria kujiua."

Siku nne alikuwa akiyatafuta maneno hayo.

Bwanausi hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Jiue basi, mtumwa wangu! Ila iwe Ijumaa, tule pilau tumepumzika."

Wanawake wawili waliongojea magauni wakaangua kicheko. Bwanausi akapata nguvu. Akalivaa lile koti, akajitutumua, akatembea kimwalimu, kama watani wanavyomwigiza marehemu msibani.

"Jamani, mwanitambua? Marehemu Tarcis! Nimekufa na chaki mkononi!"

Tarcis akamkunja ukosi. "Vua."

"Haki yangu hii, we Mnyamwezi. Msibani mtani..."

"Msiba wa nani? Niko hai, mshenzi wewe! Nyumbani wataniambia nisali. Shuleni wataninyang'anya darasa. Nikakuchagua wewe, kumbe ndiye mjinga kuliko wote!"

"Mwalimu naye," akasema Zaina, mmoja wa wale wanawake, "utani tu huo."

"Nyamaza!"

Bwanausi akalivua koti. Kadi ya kliniki ikadondoka kutoka mfukoni. Akaiokota, akaisoma polepole. Tarehe ya kurudi ilikuwa imepita miezi miwili.

"Na dawa?"

"Zimekwisha."

"Tangu lini?"

"Si una macho? Soma."

Bwanausi akawageukia wanawake. "Nendeni. Magauni kesho."

"Fundi, harusi ni leo!"

"Basi nendeni na kanga. Tokeni!"

Akaifunika cherehani, akamtupia Tarcis koti.

"Vaa. Twende hospitali. Nitakaa nawe mpaka daktari akuone, na leo utalala kwangu. Kwa hili sina utani."

"Siendi na wewe. Nakuchukia."

"Nichukie njiani."

Tarcis akalivaa koti, kwapa bado limeachia, bitana ina joto la mtu mwingine. Akatangulia. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alitega sikio tu asikie kama kandambili za Bwanausi zinamfuata.

Zilikuwa zikimfuata.